Sofa ya leza au ya kitambaa kwa nyumba ya Shangani, karibu na bahari?

BintiMikindani

Habarini za jioni wanajamvi. Naomba ushauri kabla sijatoa hela, maana yenyewe nimeihangaikia mwaka mzima.

Mimi ni mwalimu, naishi Shangani hapa Mtwara mjini. Sebule yangu ni ya kawaida, mita 4 kwa 5 hivi, na dirisha kubwa linatazama upande wa bahari. Wakati wa kusi humo ndani kuna raha, upepo unapita mpaka jikoni. Kaskazi ikishaingia, kuanzia Desemba hadi Machi, ni jasho tu, na umeme ukikatika feni ikasimama ndiyo basi tena, tunahamia barazani na mkeka.

Kikoba chetu tunavunja mwezi wa 12 na nimetenga 1,500,000 ya sofa za watu saba. Baba watoto anataka leza nyeusi. Hoja yake ina maana: mtoto akimwaga chai unapitisha kitambaa kibichi, kazi imeisha. Tuna watoto watatu na wa mwisho ana miaka miwili, kwa hiyo kumwagika kupo kila siku ya Mungu.

Moyo wangu mimi uko kwenye kitambaa, kwa sababu ya yaliyonikuta. Sofa zetu za kwanza zilikuwa za leza, tulinunua dukani Dar zikaja kwa lori. Muuzaji alituapia kuwa ni ngozi. Nilizitunza mno jamani. Nilizifunika vitambaa vya kufuma, watoto walikatazwa kupanda, na kile kiti kikubwa cha mgeni hakikukaliwa hata mara kumi. Mwaka wa tatu, asubuhi ya Idd, mwanangu wa kwanza alikuwa ameshavaa kanzu yake nyeupe mpya, akakaa dakika mbili akisubiri baba yake atoke. Aliposimama mgongo mzima ulikuwa na magamba meusi, membamba kama maganda ya kitunguu, yameng'ang'ania kwenye kanzu. Nikainua kitambaa cha kufuma kwenye kile kiti cha mgeni, ambacho hakuna anayekikalia, nacho kimemenyuka vilevile. Mtoto alikwenda kuswali na kanzu ya mwaka wa nyuma, fupi juu ya vifundo. Sijasahau uso wake.

Sasa nauliza. Je, zile zilikuwa mbovu peke yake au leza zote ziko hivyo? Ngozi halisi inahimili hewa yetu? Na nikichukua kitambaa, kitambaa gani, maana nacho naogopa madoa, hasa msimu wa mabibo.

---

FundiChuno

Mwalimu, pole sana kwa kanzu ya mtoto. Mimi ni fundi sofa, mwaka wa 17 sasa, na katika zinazoletwa kwangu kuvalishwa upya nyingi ni za leza za aina hiyohiyo yako. Hukukosea matunzo. Hilo nataka ulielewe kwanza.

Kinachoitwa leza madukani mara nyingi ni kitambaa kilichopakwa plastiki juu. Ziko aina mbili kubwa. Moja imepakwa poliyurethani, ndiyo ile laini inayovutia mkononi. Hii adui yake ni joto na unyevu kwa pamoja. Unyevu wa hewa unaivunja taratibu ule utando wa juu mpaka unaachia kitambaa, hata kama hakuna anayeikalia. Ndiyo maana kiti cha mgeni kilimenyuka pia. Hapa kwetu pwani hewa ina maji mwaka mzima, na wewe uko Shangani, bahari iko mlangoni. Jasho na mafuta ya nywele yanaongeza tu kasi, angalia sehemu ya kichwa na mikono ndiyo hutangulia.

Aina ya pili ni ya PVC, wazee wanaiita reksini. Hii unyevu haiisumbui sana, lakini kadiri inavyozeeka inakauka, inakuwa ngumu, inapasuka mistari pale inapokunjwa. Tena haipitishi hewa kabisa. Mwezi wa pili ukiikalia na gauni jepesi utainuka nayo.

Ukitaka kujua unachouziwa, usibishane na muuzaji. Fungua zipu ya mto, pindua, tazama upande wa nyuma. Ukikuta nyuzi zilizofumwa, hiyo siyo ngozi. Ngozi ya mnyama nyuma ina manyoyamanyoya kama ya ndani ya mkanda mzuri, na vitundu vya juu haviko sawasawa, kimoja huku, vitatu kule. Kwenye bandia vitundu vimepangwa kama vimepigwa mhuri. Ngozi yenyewe ya kuvalisha seti nzima siwezi kukudanganya, kwa 1,500,000 huipati.

Ila mwalimu, unauliza nguo kabla hujauliza mwili. Ninazozifungua mimi, nyingi zimekufa ndani kabla ya nje. Mbao za mwembe zimetobolewa na wadudu, sponji imekuwa unga, pini zimeota kutu na kutu imetoka mpaka juu ya kitambaa. Hela yako ianze na fremu ya mninga au mkongo, halafu sponji nzito. Nikinunua sponji naiweka kwenye mzani mbele ya mwenye duka. Kipande cha mita 2 kwa mita 1, unene sentimita 10, cha kukalia kinatakiwa kisipungue kilo 6. Hapo ni kilo 30 kwa mita moja ya ujazo. Kikija kilo 3 na nusu, hata kikiwa kinene namna gani, baada ya mwaka mmoja utakuwa umekalia mbao.

---

MamaNgapa

Mwanangu mwalimu, mimi niko Lindi, na kuhusu ngozi halisi nina la kusema kwa sababu nimeishi nayo. Marehemu baba alirudi na kochi moja la ngozi ya ng'ombe, rangi ya kahawia, alipostaafu. Mpaka leo liko sebuleni kwangu na halijamenyuka hata padogo. Limepauka kwenye mikono, ule mpauko wa mahali mtu alipozoea kuweka kiganja chake, na mimi siwezi kuligusa pale bila kumkumbuka.

Lakini nisikufiche kazi yake. Masika ikianza linaota koga. Ukilala siku tatu bila kufungua madirisha unakuta vumbi jeupe la kijani kwenye mishono, na lina harufu ya kabati la zamani. Nalifuta kwa kitambaa kikavu, nalisogeza mbali na ukuta upana wa mkono ili hewa ipite nyuma, kisha mara mbili kwa mwaka nalipaka mafuta ya ngozi. Silianiki juani, jua linalikausha mpaka linapasuka. Ni kama kumlea mzee. Nalifanya kwa mapenzi kwa sababu ni la baba. Wewe na watoto watatu na madaftari ya kusahihisha, muda huo utautoa wapi?

---

Mmasasi

Mimi natofautiana kidogo na fundi. Huku Masasi, mbali na bahari, leza ya kaka yangu ina mwaka wa sita na iko vizuri, na vumbi letu hili jekundu unalifuta tu, wakati kitambaa cha kwangu kimeshika rangi ya udongo. Kwa hiyo siyo kila mahali leza ni hasara. Ila kwa Shangani, sawa, nakubali hali ya hewa siyo moja.

---

FundiChuno

Umenena kweli ndugu yangu. Kiangazi hewa ya huko ni kavu kuliko ya huku, na hilo lina uzito wake. Mimi nasema ya pwani.

---

BintiMikindani

Shikamoo mama wa Lindi. Nimesoma maneno yako mara mbili, hasa pale pa kiganja. Asante sana. Fundi nawe asante, nimemsomea baba watoto ile habari ya kiti cha mgeni, akanyamaza kidogo, akasema "basi kumbe hatukukosea sisi." Miaka yote hii alikuwa anadhani ni watoto.

Sasa tumekubaliana kitambaa, lakini ameniachia sharti moja, niwe na jibu la mabibo. Nyumbani kwa bibi Naliendele kuna mikorosho. Kuanzia mwezi wa 9 watoto wanarudi na mabibo ndoo nzima, juisi inatiririka mpaka kwenye viwiko. Nina gauni la kazini lilipata tone moja, mwanzo sikuliona hata kidogo, limekauka likageuka kahawia na halijatoka mpaka leo. Je, kuna kitambaa kinachostahimili hilo?

---

FundiChuno

Mwalimu, utomvu wa bibo hakuna kitambaa kinachoushinda ukishakauka, hilo tuseme ukweli. Unachoweza ni kuuwahi kwa maji mengi ukiwa bado mbichi, na kuhakikisha kinachopata doa kinavulika.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi yeyote, awe mimi au mwingine, mwambie hivi. Mito yote ya kukalia na ya mgongo iwe na zipu, na zipu iwe ndefu, izunguke kona mbili, siyo ile fupi ya nyuma ambayo ukitoa sponji mara moja huwezi kuirudisha. Kitambaa kiwe cha poliesta kilichofumwa kwa kubana, siyo mahameli. Mahameli inapendeza dukani, lakini kwa joto letu inashika jasho, na alama ya makalio inabaki imelala upande mmoja. Poliesta ukiifua asubuhi siku ya upepo wa kusi mchana imekauka. Kifuliwe kabla ya kukatwa, ili kama kinaruka rangi au kinarudi, kirudie kwenye ndoo na siyo juu ya sofa yako.

Rangi chagua ya udongo au kahawia yenye michirizi. Bluu na nyeusi kwenye dirisha lako lile jua litazipausha upande mmoja.

Halafu hesabu. Seti ya watu saba mimi hunichukua mita 25 hivi za kitambaa cha upana wa sentimita 140. Ongeza mita 7 au 8, ushonewe kava za pili za mito ya kukalia tu. Zikichafuka hizi unavalisha zile. Nunua zote siku moja, kutoka jora moja, kwa sababu ukirudi mwakani rangi ileile huipati. Na miguu ya sofa iwe mirefu angalau kiganja kimoja, hewa ipite chini na ufagio uingie.

---

MamaNgapa

Marahaba mwanangu. Na hizo kava za pili anza nazo mwezi wa 9, nzuri ziweke kabatini mpaka mabibo yaishe. Watoto waache wale, msimu ni mfupi.

---

BintiMikindani

Fundi, Jumamosi baada ya vipindi vya ziada nakuja Chuno na baba watoto, tuone fremu ikiwa bado haijavalishwa. Nimeshapima mlango wetu, ni sentimita 85, usije ukatuundia kubwa ikakwama barazani.