Naomba ushauri: fuvu na uzi uliokatika kwenye picha ya Holbein

Habari zenu wanakikundi, na shikamooni wakubwa.

Nafundisha sanaa sekondari, na wiki ijayo nataka kuwaonyesha wanafunzi picha iliyochorwa na Mjerumani Hans Holbein mwaka 1533, ile ya Wafaransa wawili iliyoko National Gallery, London: Jean de Dinteville, balozi, na rafiki yake Georges de Selve, askofu. Katikati yao kuna rafu iliyojaa vyombo vya kupimia anga, tufe la dunia, kitabu cha nyimbo za Kilutheri na luti, ndugu wa udi wetu wa taarabu. Uzi wake mmoja umekatika. Juu kushoto, msalaba mdogo umejificha nusu nyuma ya pazia la kijani.

Sakafuni kuna kitu kirefu kilicholala mshazari kama mfupa wa ngisi. Ukiitazama picha kutoka ubavuni, upande wa kulia, kinageuka fuvu la mtu. Hapo ndipo ninapoipenda zaidi.

Nimesoma kwamba uzi ule ni ishara ya mfarakano wa Kanisa wakati ule, kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. Wengine wanasema ni kifo tu, sawa na fuvu. Mimi naegemea la kwanza, kwa sababu ya kile kitabu kilicho jirani yake.

Naomba mnisaidie mawili. Je, maana zote mbili zinaweza kusimama pamoja? Na je, darasa la watu 50 lenye projekta moja nitalionyeshaje fuvu? Nimejaribu karatasi ya A4 nikaiinamisha. Linaonekana, ila kwa mtu mmoja mmoja.

Natanguliza shukrani.