Mtera mita 698, hizo mita zinapimwa kuanzia wapi?

Mama Neema: Wakuu habari za leo. Kila msimu nasikia kina cha bwawa la umeme la Mtera kimefika mita 690 na kitu, mara limejaa 698.5. Nimepita pale njia ya Iringa-Dodoma, barabara inapita juu ya ukuta kabisa, ule ukuta haufiki hata robo ya hizo mita. Sasa wanapima toka wapi? Na kwa nini 690 wanasema ndo mwisho wakati ukiangalia maji bado yapo kibao?

Mzee wa Kidatu: Dada yangu hizo ni toka usawa wa bahari, sio toka chini ya bwawa. Kwa hiyo maji ya kazi ni yale kati ya 690 na 698.5, mita nane na nusu tu basi. Yakishuka chini ya 690 hayafiki vizuri kwenye mdomo wa kuingizia mitamboni, na mtambo ukivuta hewa pamoja na maji unatetemeka na kuharibika, ndo maana wanazima mapema.

kipanga_02: Naongezea, watu wanaidharau Mtera kwa sababu yenyewe inatoa megawati 80 tu, ila ile ndo ghala. Maji yaleyale yakishatoka pale yanateremka na Ruaha Mkuu hadi Kidatu yanazalisha tena, na kule poromoko ni kubwa mno ndo maana Kidatu inafika megawati 204 na kabwawa kake kadogo. Halafu yanaingia Rufiji, yanapita tena Bwawa la Nyerere. Tone moja linafanya kazi mara tatu jamani, ukilipoteza huko juu umelipoteza kote!

Mama Neema: Kumbe! Sasa yanapotelea wapi?

Mzee wa Kidatu: Mengine yanakaushwa na jua, Mtera ni pana lakini si refu kwenda chini, na ule ukanda ni mkavu. Mengine yanapotelea huko juu bonde la Usangu kabla ya kufika bwawani, mashamba ya mpunga yanachepusha maji hadi kiangazi mto unakauka kule hifadhini Ruaha, na hili limeanza toka miaka ya 90. Hili linaniuma sana, Ihefu, ile ardhioevu ya Usangu, ikiachwa ipumue mto unatiririka.

Mama Neema: Kwa hiyo nikisikia 691 nijiandae na mgao?

kipanga_02: Sio kama ule mgao wa 2006, siku hizi kuna gesi na Nyerere ina megawati 2,115. Ila Kidatu itapungua, hilo halikwepeki.