Stelingi ya trekta la Dakawa

*Kikundi: SHAMBA DAKAWA 🌾*

Dotto: Shikamooni wakubwa. Trekta linatembea ila usukani umelewa kabisa. Nazungusha karibu robo duara ndiyo tairi zinasikia. Jana kwenye tuta la mfereji nusura nitumbukie nalo

Shangazi Tatu: Marahaba mwanangu, pole. Usilipande tena!!

Mjomba Seif: Nilisema liuzwe. Chuma cha 1964 hicho

Ba'mkubwa: Seif, 1964 ndio hizi Massey Ferguson 135 zilianza kutoka kiwandani kule Coventry, Uingereza. Letu ni la 1972. Usilizeeshe

Mjomba Seif: 😂😂 haya, mwenye mali

Shangazi Tatu: Idi uko wapi? Kuna mtu Kariakoo ana boksi zima la stelingi, anataka laki saba na nusu. Nimtumie?

Idi Gerezani: Shikamoo shangazi. Usitume hata mia. Dotto, zima injini, mtu akae kwenye kiti atikise usukani kidogo kulia kushoto, wewe uchungulie chini. Usukani ukizunguka na ile mikono miwili inayotoka pembeni mwa boksi imetulia, ugonjwa uko kwenye boksi. Mikono ikicheza na tairi zimetulia, ni bolijointi za zile fimbo zinazounganisha mikono na tairi. Halafu piga jeki ekseli ya mbele, shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Ikigonga, tazama bushi za kingpini, ile pini tairi inapogeukia, na beringi za habu

Shangazi Tatu: Marahaba. Haya nasubiri

Dotto: *video*

Dotto: Kingpini poa. Bolijointi za fimbo ya kushoto zimekwisha zote mbili. Na mkono wa kulia naunyanyua kwa vidole, oili inachuruzika hapohapo

Idi Gerezani: Nimeona, shafti nzima inayobeba mkono inapanda na kushuka. Hizo ni bushi zinazoishika, na oilsili inayozuia oili. Boksi zima la nini?

Mjomba Seif: Si atoe shimu moja, kile kibati chembamba pale juu ya boksi, abane? Fundi wa huko alisema unakaa sawa

Idi Gerezani: Mjomba, zile shimu zinabana beringi za shafti ya usukani tu. Shafti ya mkono iliyolika haihusiki nazo. Ukizipunguza ovyo usukani unakuwa mzito, beringi zinakufa, na mkono bado unacheza vilevile

Ba'mkubwa: Na asijaze grisi kuzuia uvujaji. Grisi ikishasukumwa pembeni hairudi, gololi zinazunguka kavu. Mle inakaa oili ya gia, ile ya unene wa 90

Shangazi Tatu: Kumbe. Na lile kopo zima la grisi la mwezi wa nane? Risiti ninayo 👀

Dotto: Ile ilikuwa ya haro shangazi 🙏

Ba'mkubwa: 🤣

Idi Gerezani: Dotto vua boksi unitumie. Kabla hujatoa mikono, piga alama ya patasi kwenye mkono na shafti, la sivyo utarudisha jino moja pembeni na usukani utakaa upande. Tumia pula kuvutia mkono utoke. Ukigonga ncha ya shafti kwa nyundo umeua nyuzi. Boksi likitoka funika pale lilipokaa kwa kitambaa

Dotto: Poa bro. Nalipakia basi la alfajiri

—

Idi Gerezani: Nimelipokea Mbezi stendi. Konda kasema hajawahi kubeba mzigo mdogo mzito hivi

Idi Gerezani: *picha 4*

Idi Gerezani: Nimefungulia juu ya sinia gololi zisikimbie. Njia ya gololi kwenye shafti ya usukani safi, haina vishimo, hiyo inarudi. Gololi naweka mpya zote, kuchanganya mpya na kuukuu ni ujinga. Bushi zimelika umbo la yai. Shafti ya kulia imechimbika pale inapogusana na oilsili

Mjomba Seif: Jazia kwa weldingi upeleke kwa mchonga vyuma. Bei chee

Idi Gerezani: Kwenye jembe ningekubali mjomba. Hii ni stelingi. Moto wa weldingi unaharibu ugumu wa chuma, siku ikikatika Dotto yuko kwenye tuta. Shafti za Pakistan zipo, wenzetu wale bado wanaunda Massey. Mchonga vyuma namwachia bushi za shaba, aingize kwa presi halafu apanue tundu taratibu mpaka shafti izunguke bila kucheza

Ba'mkubwa: Sikiliza fundi, Seif

Shangazi Tatu: Jumla?

Idi Gerezani: Shafti, bushi, oilsili, gololi, gasketi, bolijointi mbili, na mchongaji: haifiki nusu ya ile ya Kariakoo. Risiti nakuletea mkononi

Shangazi Tatu: Zenye mhuri

—

Idi Gerezani: Limekamilika. Meno ya zile shafti mbili za mikono yamekutana kwenye alama zake. Dotto, usukani nimeuacha katikati, usiuzungushe. Nyoosha tairi kwanza ndipo ufunge fimbo. Mwisho pima kati ya tairi mbele na nyuma, mbele ziwe zimekaribiana kidogo tu

Dotto: Nimekupata. Oili 90 ninayo

Idi Gerezani: Linaondoka kesho. Konda anadai nauli ya abiria mzima

Mjomba Seif: Hiyo nalipa mimi, msinisumbue tena

Shangazi Tatu: Tuma sasa hivi Seif, tunakujua