Nimtoe mwanangu kwenye darasa la maigizo? Naombeni ushauri

Upepo wa Jioni (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Mwanangu ana miaka 9. Tangu muhula uliopita anasoma darasa la maigizo na muziki kila Jumamosi. Ripoti ya shule imetoka, hesabu ameporomoka kutoka 71 hadi 54. Nawaza nimtoe, muda huo aende tuisheni. Baba yake kaniachia niamue mwenyewe. Wenye uzoefu, haya madarasa yana faida ya maana kwa mtoto au ni kumchosha tu? Nahitaji majibu kabla ya Jumamosi, tafadhali.

Chuma Chakavu
Toa. Hesabu kwanza, kuruka ruka baadaye. Wazazi wa siku hizi tunawalea watoto kwa kuwaogopa, mtoto akipenda kitu basi ndiyo sheria ya nyumba.

Bibi Harusi Mstaafu
Mimi niliimba kwaya ya shule miaka sita. Hesabu sikuzijua kabla ya kwaya wala baada ya kwaya, kwa hiyo kwaya haina kosa 😂. Ila kusimama mbele ya watu bila kutetemeka nilikupata pale, na usaili wangu wa kwanza wa kazi niliupita kwa hilo.

Ubao na Chaki
Mimi ni mwalimu. Kuna utafiti wa Schellenberg, Kanada, ulitoka 2004. Watoto 144 wa miaka sita waligawanywa: kinanda, kuimba, maigizo, na wengine hawakufundishwa chochote. Baada ya mwaka mmoja, waliosoma muziki walipanda kidogo zaidi kwenye vipimo vya akili. Wa maigizo hawakuwazidi wenzao hapo, ila wao ndio walioonekana kupiga hatua katika namna ya kuishi na wenzao. Kwa hiyo usitegemee maigizo yapandishe hesabu, na usiyalaumu haraka kwa kuzishusha. Mtoto akicheza mhusika analazimika kujiuliza huyu mtu anataka nini, anaogopa nini. Darasani kwangu sina kipindi kinachomfundisha hilo.

Swali la Pili
Mleta mada, kwa nini kabla ya Jumamosi? Alama za hesabu hazina Jumamosi. Na mtoto mwenyewe anasemaje? Kuna kitu hujakisema.

Upepo wa Jioni (mleta mada)
Sawa, niseme tu. Mwanangu ana kigugumizi. Ndiyo sababu hasa ya kumpeleka kule, nilidhani ulimi utafunguka. Jumamosi kuna onyesho na yeye ndiye kobe, mhusika mkuu, mjumbe wa mfalme. Jumatano kwenye mazoezi alitakiwa kuanza na "Mfalme amenituma". Akakwama kwenye ile M. Midomo imefumba, shingo imekaza, mkono umeshika mkanda wa gamba lake la boksi mpaka ukakatika. Nikamtamkia neno kutoka kwenye kiti changu. Watoto wakacheka.

Usiku ule nikamwandikia mwalimu kwamba hatakuja tena. Mtoto bado sijamwambia. Msinihukumu, mzazi gani anakaa kutazama mwanawe akichekwa na ukumbi mzima? Na hesabu kweli zimeshuka, hilo sikudanganya.

Chuma Chakavu
Kumbe. Hapo umefanya vizuri, mtoto asidhalilishwe.

Nusu Sentensi
Nina kigugumizi tangu utotoni, sasa nina miaka 41. Mama yangu, ninayempenda sana, alinijibia kila mahali: kwa daktari, shuleni, kwa wageni. Alinihurumia. Mimi nilichoelewa ni kwamba sauti yangu ni aibu ya nyumba nzima. Kucheka kwa watoto nilikusahau. Kujibiwa na mama sijakusahau mpaka leo. Dada, mwambie leo.

Jicho la Tatu
Jamani, hii ni chai. Bandiko la kwanza darasa ni Jumamosi, sasa mkasa umetokea Jumatano. Halafu mwalimu gani anampa mwenye kigugumizi uhusika mkuu? Mnalizwa na hadithi ya kutunga.

Bibi Harusi Mstaafu
Hata mimi hilo la Jumatano lilinigonga.

Nusu Sentensi
Hilo la uhusika mkuu ni la kweli kabisa. James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani mwenye ile sauti nzito, utotoni alikaa karibu miaka minane bila kuzungumza sana na watu kwa sababu ya kigugumizi, mpaka mwalimu akamsomesha mashairi kwa sauti. Emily Blunt, mwigizaji wa Uingereza aliyekuwa na kigugumizi utotoni, alishawishiwa na mwalimu aigize kwa lafudhi isiyo yake. Mimi mwenyewe nikiigiza sauti ya mtu mwingine maneno yananyooka.

Upepo wa Jioni (mleta mada)
Onyesho likikaribia wanaongeza siku ya mazoezi, ndiyo hiyo Jumatano. Uhusika alipewa kwa sababu siku ya majaribio alizungumza kwa sauti ya kizee, polepole, na hakukwama hata mara moja. Kama ni hadithi ningeipa mwisho nilale, maana tangu juzi silali.

Tiba ya Usemi
Natibu watoto wenye shida hii. Kigugumizi kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, na hakiletwi na malezi mabaya. Wengi hawakwami wanapoimba au wanaposema pamoja na wenzao, huenda kwa sababu mdundo unawabeba. Wakirudi kwenye mazungumzo ya kawaida kinarudi, kwa hiyo darasa la maigizo halitibu. Mtafutie mtaalamu pia. Faida ya jukwaa ni nyingine: mtoto anazoea kuzungumza hata akikwama, badala ya kukaa kimya ili asikwame. Mwalimu anaweza kuwaweka watoto wengine waanze naye mstari ule wa kwanza. Na usimtamkie neno, msubiri amalize.

Ubao na Chaki
Kobe mjumbe, jamani, nani atamdai haraka? Kawia ufike.

Swali la Pili
Bado hujajibu. Mtoto anasemaje?

Upepo wa Jioni (mleta mada)
Nimetoka chumbani kwake sasa hivi. Nilimkuta anabandika mkanda mpya kwenye gamba. Nimemweleza yote, hata ujumbe niliotuma. Alikaa kimya muda mrefu, nikajizuia nisimsaidie. Kisha akasema anaenda. Nimempigia mwalimu, kobe bado ni wake, na ule mstari watauanza pamoja. Mrejesho nitaleta.

Ameniomba kitu kimoja, nikae viti vya nyuma. Anasema nikikaa mbele anaona midomo yangu ikisema maneno yake.