Kibarua kimeota nyasi Kigoma, naambiwa nimeiba makreti 46. Niende CMA (tume ya migogoro ya kazi) au ninyamaze?

Kirikuu_wa_Gungu

Habari za usiku wakuu. Nipo Kigoma mjini, naishi Gungu, nina mke na watoto wawili. Nilikuwa dereva msambazaji kwenye ghala moja la vinywaji hapa Mwanga (jina silitaji), miaka miwili na miezi minne, naendesha kirikuu (kile kipikapu kidogo) na tandiboi mmoja wa kunisaidia mizigo. Jumatatu Ujiji mpaka Katonga, Jumanne Kibirizi na Mwandiga, Alhamisi ndo safari ndefu Kazuramimba hadi Uvinza.

Kazi iko ivi, asubuhi napakia makreti yaliyojaa nasaini kitabu cha storekipa, nazunguka madukani napokea hela na chupa tupu, jioni hela naenda nayo kwa keshia na chupa tupu nashusha kwa storekipa. Sasa hapo kwenye chupa tupu ndo pana mchezo. Tunahesabu saa moja na nusu giza limeshaingia, jamaa anamulika na tochi ya simu, makreti yamepangwa matano kwenda juu yeye anaangalia la juu tu chupa 24 zipo basi anaandika, kumbe la katikati lina chupa 15 na matundu mengine matupu. Na yeye vilevile nashusha 40 anaandika 38, nikimwambia kaka andika vizuri anasema tutarekebisha kesho, na kitabu kinabaki kwake mi sina hata nakala. Iyo kesho sijawahi kuiona.

Kosa langu nalisema wazi. Mwezi wa tatu mtoto wangu mdogo alilazwa siku nne, nikachukua 85,000 kwenye mauzo ya Uvinza. Sisi tunaita kuzungusha, unaziba na mauzo ya Jumatatu, kila dereva pale anafanya na keshia anajua. Nilirudisha yote ndani ya wiki mbili na keshia aliandika kwenye daftari lake.

Tarehe 8 mwezi huu wamefanya hesabu ya ghala wakasema makreti 46 na chupa zake hayaonekani, kila moja elfu 14, jumla 644,000. Bosi akatuita wote akaniuliza mbele za watu, wewe ushawahi kula hela yangu? Nikasema ukweli ile 85 na kwamba nilirudisha. Akasema basi mwizi kajitaja. Nikaletewa karatasi imeshaandikwa "nakiri upotevu wa mali", naambiwa usiposaini gari ya polisi iko njiani. Nikasaini. Mshahara wa mwezi 250,000 wamezuia wote, wanasema bado nadaiwa 394,000, na leseni yangu orijino ipo kwenye droo ya bosi, tangu nianze kazi anakaa nayo yeye.

Leo tarehe 27 nipo tu nyumbani. Jamaa mmoja kaniambia niende CMA, mwingine anasema nikienda nimewachokoza watanifungulia kesi ya wizi kwa ile ile 85. Wakuu naombeni mawazo.

Mzee_wa_Fuso

Mkuu bosi akikuuliza umewahi kula hela yangu jibu ni moja, bosi mimi nakula mshahara. Umejichimbia kaburi kwa jembe la kuazima. Pole lakini.

Buzebazeba2

Pole sana mkuu, mi nimepita humo humo, nilikuwa naendesha guta la unga, nikaangushiwa jumba bovu la viroba 11. Sikiliza kwa makini hasa tarehe. Umefukuzwa tarehe 8, leo 27, na mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30. Siku za kalenda mkuu, Jumapili zimo. Zikipita inabidi uanze kuomba uongezewe muda na ueleze kwanini umechelewa, na "nilikuwa naogopa" sio sababu watakayokuelewa kirahisi.

Ofisi ipo hapo hapo Kigoma, nenda kachukue fomu namba 1, ni bure na wakili sio lazima. Ukishajaza, nakala unampelekea mwajiri KWANZA asaini kapokea, akikataa tuma kwa rejesta posta na utunze risiti kama roho yako, alafu ndo unarudi kuifungua. Mi nilirudishwa mara ya kwanza kwa ajili ya iyo risiti. Mnaanza na usuluhishi, mnakaa meza moja na bosi wako anakuangalia jicho la pembeni, mkishindwana ndo inaenda kwenye uamuzi.

Faida yako ni kwamba una zaidi ya miezi 6 kazini, chini ya hapo kesi ya kuachishwa isivyo halali inakuwa haipo. Na pale ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwepo na utaratibu umefuatwa. Uliandikiwa tuhuma? Ulipewa muda wa kujiandaa? Kanuni za 2007 zinataka usipungue masaa 48, na una haki ya kwenda na mfanyakazi mwenzako akusaidie kuongea. Kuulizwa swali mbele ya tandiboi sio kikao cha nidhamu.

Kirikuu_wa_Gungu

Hakuna barua, hakuna kikao, imechukua kama nusu saa tu toka aulize mpaka nikatoka getini. Hata barua ya kufukuzwa sina, kwa mdomo tu.

Mnyamwezi_wa_Ipuli

Mi nipo Tabora na nipo upande wa pili, nina guta mbili na kirikuu moja, kwaiyo nitaongea kama bosi msinirukie. Ndugu yangu ile 85 ni wizi. Uliirudisha, sawa, mtoto alikuwa anaumwa, nakuelewa kabisa na ungenipigia simu ningekupa, lakini hela sio yako na hukuomba. Hili neno kuzungusha ndo limeniua mimi mwaka juzi, dereva wangu alikuwa anazungusha mpaka siku moja gurudumu halikuzunguka tena akaingia mitini na mauzo ya siku tatu. Na huyo keshia anayejua na kunyamaza nae ana lake.

Ila bosi wako kafanya ujinga. Kaunganisha 85 uliyokiri na makreti 46 ambayo hujakiri akafunga mzigo mmoja. Alafu kukata mshahara wote hairuhusiwi, kifungu cha 28 cha sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004, ili akukate kwa upotevu lazima akuandikie umetokana na nini na kiasi gani na kakipigaje, akupe nafasi ya kubisha, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kwa 250,000 robo ni 62,500. Mi nilijua hayo baada ya kulipishwa, msiniulize zaidi.

Kuhusu polisi, akitaka kwenda ataenda tu uende CMA usiende. Kukaa kwako kimya hakumzuii chochote.

Mama_Duka_Ujiji

Mwanangu pole na mtoto, natumaini amepona. Mi nina duka huku Ujiji, sisi wenye maduka kila dereva akija tunaandika kwenye daftari tumempa makreti mangapi matupu na tarehe, na wengi tunamsainisha, maana na sie tumelizwa sana unaambiwa ulirudisha manne wakati umetoa sita. Zunguka kwa wateja wako uombe kupiga picha izo kurasa. Mi dereva wangu akiniomba nampa, sina cha kuficha.

Mnyamwezi_wa_Ipuli

Mama umeongea la maana ila awe makini, ilo panga linakata kote. Kama daftari za maduka zinalingana na kitabu cha storekipa, basi makreti yalifika ghalani na yamepotelea humo ndani, dereva kapona. Kama maduka yanasema 40 na storekipa kaandika 38, hapo ni wewe au yeye, na yeye ndo mwenye kitabu. Piga hesabu yako kwanza kabla hujaenda kutoa picha mezani.

Buzebazeba2

Kweli kabisa. Na ile karatasi uliyosaini andika kwenye maelezo yako ilivyosainiwa, nani alikuwepo, nani alitaja polisi. Leseni ni yako, nenda na mtu mzima mmoja kaidai kwa ustaarabu, akikataa iandike nayo. Dai pia mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukwenda na cheti cha utumishi. Na angalia NSSF yako (mfuko wa pensheni) kama michango inaingia kweli, mi nilikuta miezi tisa mieupe.

Kirikuu_wa_Gungu

Wakuu asanteni. Jana na leo nimezunguka maduka 14 ya Ujiji na Mwandiga, tisa wamenipa kurasa, wawili wamesema hawataki matatizo na bosi maana bado wanachukua mzigo kwake. Za mwezi wa nne zinalingana na hesabu niliyokuwa naandika kwenye simu. Tandiboi wangu hapokei simu, nasikia kapewa kirikuu.

Leseni nimepata, keshia ndo kanitolea dirishani bosi akiwa msikitini, hakusema kitu. Ile daftari lake yenye 85 sikuthubutu kumuomba, nampa siku mbili.

Nakala ya fomu wamekataa kusaini. Sasa ivi nipo posta, mbele yangu watu watatu.