Naomba ushauri: najua Blender tu, ajira za gemu zinataka Maya

Habari zenu wakuu. Nipo Dar, natengeneza wahusika wa gemu kwa Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, mwaka wa 3 sasa. Nilianza nayo kwa sababu ni ya bure na laptopu yangu ya RAM 8 inaimudu. Ila matangazo ya kazi mengi ninayofungua yanataka Maya (nayo ni ya 3D), ZBrush ya kuchonga maumbo na Substance Painter ya kupaka modeli rangi. Wiki jana studio moja ya nje imenijibu kwamba kazi zangu ni nzuri, ila wanataka mtu wa Maya. Imeniuma sana. Niiache Blender au nikomae nayo?

Fundi Poligoni:
Pole mdogo wangu. Usiiache. Mimi nikipitia kazi za vijana naanza na kiwiko. Onyesha modeli ikiwa waya mtupu, yaani mistari inayounda umbo lake tu: kama mistari inayozunguka kiwiko haifiki mitatu, mkono ukikunjwa unabonyea kama mrija wa soda. Kosa hilo utalifanya Maya kama unavyolifanya Blender. Halafu naangalia kama mikunjo ya nguo ya modeli nzito, ile yenye undani wote, imehamia vizuri kwenye ile nyepesi inayoingia kwenye gemu.

Binti Mikocheni:
Kweli kaka, ila tusimfiche kijana. Studio kubwa zimeng'ang'ania Maya kwa sababu skripti zao na mifupa ya kuchezeshea wahusika vyote vimejengwa humo. Kwenye Blender mhimili wa kwenda juu ni Z, kwenye Maya kwa kawaida ni Y. Unreal, injini ya kuendeshea gemu, inapima kwa sentimita, Blender kwa mita. Mhusika wako akiingia amelala chali, au mdogo kama siafu, kuna mwenzako anapoteza siku kumrekebisha. Kwa hiyo mtoe kwa faili la FBX, mwingize kwenye injini, mrekodi akitembea mle ndani. Hapo mwajiri anaona kwamba hutawasumbua wenzako. Substance Painter jifunze kabla ya Maya, upakaji rangi wa Blender bado haujaifikia. Na kama unasoma chuo, Autodesk, wenye Maya, wana leseni ya bure ya wanafunzi.

Mleta uzi:
Asante sana dada. Unreal kwa RAM 8 itakubali kweli?

Binti Mikocheni:
Itakutesa. Anza na injini ya Godot, ni nyepesi na ni ya bure. Huko mtoe kwa faili la glTF badala ya FBX.

Mleta uzi:
Nimefungua mhusika wangu sasa hivi. Kiwiko kina mstari mmoja tu. Nakirudia usiku huu, kesho naweka waya hapa mniangalizie.