UZI: Kamati za Messiah, okestra na waimbaji wa solo si mapambo ya bango!

Wakuu, salaam. Msimu umefika na mabango yameanza kuzunguka kwenye magrupu: "Messiah ya Handel, kwaya ya watu 100, okestra kamili, waimbaji wa solo mahiri." (Messiah ni kazi ndefu ya muziki wa kidini ya mtunzi Handel, ya kwaya, okestra na waimbaji wa solo.) Ukichungulia nyuma ya bango unakuta kwaya iko mazoezini tangu Agosti, okestra imeitwa asubuhi ya siku ya tamasha, na waimbaji wa solo wametumiwa ujumbe: "utaimba zile za tena (tenor, sauti ya juu ya kiume), si unazijua?" Dar hivyo hivyo, Nairobi hivyo hivyo. Sitaji kamati ya mtu. Wenyewe wanajijua.

Tufanye hesabu ndogo. Messiah nzima ni karibu saa mbili na nusu za muziki. Umeita okestra kwa zoezi moja la saa 3. Toa dakika 20 za mapumziko, toa dakika 15 za kupanga viti na kutyuni. Muda uliobaki hautoshi kuipiga kazi yote hata mara moja bila kusimama! Halafu kondakta anawafokea watu wa fidla kwamba hawajajiandaa. Wajiandae na nini, wakati nota wamepewa mlangoni?

Na nota zenyewe sasa. Kuna mjumbe wa kamati anaingia intaneti, anapakua za bure, anachapisha, anagawa. Hajui kwamba alichopakua ni Messiah iliyopangwa upya na Mozart mwaka 1789, ina klarineti, filimbi na tromboni ambazo Handel hakuziandika, na "The trumpet shall sound" humo imefupishwa. Kwaya imeshika kitabu cha mchapishaji Novello, okestra imeshika kitu kingine. Hata namba hazifanani: Haleluya ni namba 44 kwenye Novello iliyohaririwa na Watkins Shaw, ni 39 kwenye ya mchapishaji Bärenreiter. Kondakta anatangaza "namba 44", nusu ya watu wanafungua wimbo mwingine kabisa.

Kwa waimbaji wa solo ni balaa zaidi. Handel alikuwa anaandika upya vipande kulingana na mwimbaji aliyempata msimu huo. "But who may abide" ipo ya besi, ipo ya alto ambayo Handel aliiandika mwaka 1750 kwa ajili ya mwimbaji Guadagni, ipo na ya soprano. "He shall feed his flock" ipo inayoanza na alto kwenye ufunguo wa F kisha soprano anapokea kwenye B flati, na ipo ya soprano peke yake mwanzo mwisho kwenye B flati. Usipouliza mapema, okestra inapiga utangulizi kwenye F, soprano aliyejifunza ya B flati anabaki ameduwaa mbele ya watu. Watu wanasema "soprano alikosea". Hakukosea! Ni kamati haikumtumia mtu yeyote orodha yenye mambo matatu tu: toleo gani la kitabu, kipande kipi kwa ufunguo upi, na nini kimekatwa. Ukurasa mmoja. Utumwe wiki sita kabla.

Halafu solfa. Wanakwaya wetu wengi wanasoma solfa (nota za do, re, mi), na sina ugomvi nayo. Mtu wa solfa aliyeiva anakuimbia fyuga (sauti zinazoingia moja baada ya nyingine na kupishana) bila wasiwasi. Shida ni kwamba karatasi nyingi za solfa zimenakiliwa mara kumi na hazina namba za vipimo. Kondakta anasema "turudi pale kwenye Wonderful". Kwenye "For unto us a child is born" neno hilo linarudi sehemu nne. Kwaya inakwenda ya pili, okestra ya tatu, dakika tano zimeteketea kuulizana. Dawa yake: mtu mmoja akae na kitabu cha kondakta, aweke herufi A, B, C kwenye kila kona ya wimbo, kisha herufi hizo hizo ziandikwe kwenye solfa zote na kwenye nota za okestra. Kalamu ya risasi na uvumilivu, basi.

Tuje kwenye mitambo, hapo ndipo ninapopandwa na hasira hasa. Mwimbaji wa solo amefundishwa kuijaza nyumba kwa pumzi yake mwenyewe. Mnampa maiki ya mkononi, ile ya mshereheshaji. Fundi ameweka mwangwi kama wa mkesha. Mwimbaji akishuka kwenye sauti ndogo haisikiki, akipanda juu spika inapiga yowe, fundi anakimbilia kushusha, na kishazi kizima kimepotea. Na mkono mmoja umeshika maiki, mwingine umeshika kitabu, kurasa anafungua na nini? Kwenye kanisa la watu 400 lenye kuta za mawe, maiki ya solo haihitajiki kabisa. Kama ni uwanjani au kwenye hema, weka maiki za kusimama mbali kidogo na mdomo, na spika ziwe mbele ya okestra, zisielekezwe kwao. Na fundi ahudhurie zoezi la mwisho akiwa na orodha ya nyimbo mkononi. Akijua "He was despised" ni ya alto na nyuzi peke yake, hatafungulia maiki za kwaya nzima zilizojaa vikohozi.

Malipo nayaacha kwa leo, ila "Mungu atawalipa" haijazi mafuta kwenye gari lililobeba kontrabesi.

SautiYaTatu:
Umemaliza yote mkuu, niongeze la tena. Okestra ikishamaliza utangulizi, mtu wa kwanza kufungua mdomo ni yeye, na "Comfort ye", na anaanza karibu peke yake. Mnamketisha kwenye kiti cha mbele tangu hotuba ya mgeni rasmi, dakika 40 za salamu, koo limekauka. Soprano ana shida nyingine: solo yake ya kwanza ni ile ya wachungaji, karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza. Anakaa baridi muda wote huo huku feni inampuliza. Wapeni chumba, maji yasiyo ya barafu, na mtu wa kuwaita.

Pia zile sehemu za kusimulia zinazosindikizwa na chelo na kinanda tu, zinahitaji watu watatu wafanye zoezi lao pembeni: mwimbaji, chelo, kinanda. Nusu saa kwa kila mwimbaji inatosha. Wasipokubaliana kama kodi (chords) za mwisho zinapigwa pamoja na neno la mwisho au baada yake, kila mwisho wa sentensi utakuwa ajali. Na mpiga kinanda aache kutumia sauti ya "strings" pale ambapo nyuzi halisi zimekaa pembeni yake. Weka sauti ya hapsikodi au ogani ndogo, shusha ujazo.

Pistoni3:
Tarumbeta tuna nyimbo nne tu kazi nzima: "Glory to God", Haleluya, "The trumpet shall sound" na ile ya mwisho mpaka Amina. Tunakaa kimya muda mrefu, chombo kinapoa kwa kiyoyozi, kikipoa sauti yake inashuka. Kisha tunaingia kwa kishindo huku kinanda cha umeme kiko pale pale 440, kipimo chake cha sauti kisichobadilika. Tupeni ruhusa ya kutoka nje kupasha chombo, msituone watoro.

La pili, nota zimeandikwa kwa tarumbeta ya D. Vijana wengi hapa wana ya B flati. Maana yake kila nota aipandishe sauti mbili kamili kichwani, huku anasoma. Mwandikieni upya mapema kwenye programu ya nota. Na hiyo "The trumpet shall sound" msimpe mtu wa bendi kwa sababu tu ana sauti kubwa. Inakaa juu muda mrefu, na ukirudia sehemu ya kwanza kama ilivyoandikwa midomo inakwisha. Kama hamna mtu wake, ikateni, besi ataelewa.

Mwalimu_wa_Kwaya:
Ndugu zangu mnasema kirahisi. Parokia haina hela. Kwaya ndiyo inayouza tiketi, ndugu na jamaa wanakuja kuwaona wanakwaya. Tukilipa okestra mazoezi manne hakuna kinachobaki cha kukodi ukumbi. Na wanakwaya 100 utawaambia nini, nusu wabaki nyumbani?

Mleta uzi:
Mwalimu, kwa heshima zote, swali lako ni la haki, ila jibu lipo. Kwenye onyesho la Foundling Hospital, London, mwaka 1754, hesabu zilizobaki zinaonyesha fidla 14, viola 6, chelo 3, kontrabesi 2, obo 4, basuni 4, honi 2, tarumbeta 2 na ngoma. Kwaya? Watu 19, na waimbaji wa solo walitakiwa waisaidie. Vyombo vilikuwa vingi kuliko kwaya! Sisi tunaweka watu 100 juu ya fidla sita, halafu tunashangaa kwa nini tunaongeza maiki.

Sikwambii uwafukuze wanakwaya. Punguza kazi. Fanya sehemu ya kwanza, kisha Haleluya, funga. Ni kama saa moja hivi. Fidla za kwanza 4, za pili 4, viola 2, chelo 2, kontrabesi 1, kinanda, tarumbeta 2, timpani (ngoma za okestra). Obo zinafuata sauti za wengine kwa sehemu kubwa, ukizikosa hazitaua kitu. Viola usizibe kwa fidla ya tatu bila kuangalia nota, maana fidla haishuki chini ya G na viola inakwenda hadi C. Sehemu hizo zitakuwa mashimo. Kwa kazi fupi hivyo, mazoezi mawili ya okestra na moja la wote ndani ya ukumbi yanatosha. Fedha uliyookoa walipe.

Na ukikataa ushauri huu ukang'ang'ania kazi nzima, angalau pima "Since by man came death". Kwaya inaanza bila chombo, polepole, sauti ndogo. Ikishuka robo ya sauti hakuna wa kujua, mpaka okestra inapoingia kwa nguvu na kuivua nguo. Halafu inatokea tena mara ya pili ndani ya wimbo ule ule. Zoezi lake ni moja: imbeni ile sehemu ya mwanzo, simameni, mtu agonge kinanda. Mkiwa mmeshuka, rudieni.

SautiYaTatu:
Na timpani je? Kanisani kwetu hazipo, vijana wanataka kutumia tomu za drums.

Mleta uzi:
Hapana. Timpani hapo ni mbili, moja D, nyingine A, na zinapiga nota, si kishindo. Zinaingia Haleluya na mwishoni tu. Kodisheni kwenye brasi bendi au chuo cha muziki, mzitie ukumbini mapema zizoee joto, mpigaji azityuni tena kimya kimya kabla ya Haleluya. Mkizikosa, pigeni bila ngoma. Na huyo kijana wa drums mwambieni ile pause kabla ya Haleluya ya mwisho si nafasi yake ya kupiga rolo.